Sarafu za Shanga na Reale za Malkia

Mnamo mwezi wa Machi mwaka 2013 zilienea habari magazetini ulimwenguni kwamba katika kisiwa cha Manda, kinachotazamana na mji wa Amu (yaani Lamu), imechimbuliwa sarafu ya Kichina, ya shaba iliyochanganywa na fedha, yenye tundu la mraba katikati na herufi nne kulizunguka tundu hilo, zikitaja enzi ya mfalme Yongle aliyetawala Uchina baina ya mwaka 1403 na 1424. Walioitoa ardhini waliongozwa na Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyekuwa akifanya kazi katika Makumbusho ya Field mjini Chicago, na Sloan Williams wa Chuo Kikuu cha Illinois; na mara watu wakaanza kukumbushana habari za amiri Zheng He, Mwislamu wa Yunnan, ambaye merikebu zake zilifika mwambao huu kwa amri ya mfalme huyo. Furaha ile ilikuwa na haki yake, ila sarafu haimtaji aliyeileta: yamkini ilishuka kutoka merikebu ya Wachina wenyewe, na yamkini ilipita Calicut, Hormuz na Aden, mikononi mwa wafanyabiashara wasiohesabika, kabla ya kuangushwa Manda.

Pamoja na hayo, nathubutu kusema kwamba visiwa hivi vya Amu vimetoa sarafu nyingine, duni kwa sura na zisizosifiwa sana magazetini, ambazo zatueleza habari zetu wenyewe kuliko ile ya Mchina. Katika pwani ya kusini ya kisiwa cha Pate, si mbali na mji wa Siyu, yako magofu ya mji wa Shanga, uliohamwa katika karne ya 15. Na katika miaka ya 1980 Mark Horton, mtaalamu wa Kiingereza wa mambo ya kale, alichimba humo akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ule wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8, na ule wa juu ukiwa wa mawe. Katika mji huo huo zikapatikana sarafu za fedha, nyembamba na nyepesi, ambazo upana wake haufiki ukucha wa kidole gumba, zimeandikwa kwa Kiarabu, nyingine kwa jina la Muhammad na nyingine kwa jina la Abdallah. Nazo zahesabiwa miongoni mwa sarafu kongwe kabisa zilizopigwa katika mwambao wa Waswahili.

Desturi ya dola za Kiislamu tangu zamani ni kwamba mwenye amri hujulikana kwa mambo mawili: jina lake kutajwa katika khutba ya Ijumaa, na jina lake kupigwa juu ya sarafu. Mtu aliyeamrisha jina lake lichongwe katika kipande cha fedha huko Pate, yapata miaka elfu moja iliyopita, alikuwa akiudhihirishia umma kwamba hapa pana msikiti, pana soko, na pana mtu wa kuuliziwa dhamana ya vyote viwili. Fundi wake naye alijua kuandika Kiarabu kinyumenyume juu ya muhuri wa chuma, katika nafasi finyu kiasi hicho, ili maandishi yasomeke sawasawa yatakapogandamizwa. Na kazi hiyo haikuwa ya mtu wa kubahatisha. Mwaka 1984 ikafukuliwa hazina huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, yenye sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za mtindo ulio karibu na huo, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za ng'ambo. Na baadaye masultani wa Kilwa wakaufikisha ufundi huo kwenye adabu ya hali ya juu, maana maneno ya upande mmoja wa sarafu zao yanafungamana kwa vina na yale ya upande wa pili.

Mtu aweza kuuliza fedha ndogo kama zile zilikuwa za kununulia nini, maadamu biashara kubwa ya bahari ilikuwa ya kubadilishana pembe za ndovu, ambari, magamba ya kasa na boriti za mikoko kwa nguo, ushanga na vyombo vya kaure. Naona zilikuwa za mambo ya ndani ya mji: samaki wa jioni, ujira wa mwashi, sadaka ya msikitini. Imam Ghazali, ambaye vitabu vyake havikosekani kwa masheikh wa mwambao, alieleza kwamba dinari na dirhamu hazitakiwi kwa dhati yake, bali ni kama kioo, ambacho hakina rangi ilhali chaonyesha kila rangi. Sarafu ya Shanga ilikuwa ya namna hiyo: ilipokelewa na jirani kwa kuwa jirani alimjua aliyeipiga.

Karne zilipopita, mambo yakageuka. Katika karne ya 19 fedha iliyotawala bandari za Amu na Unguja ilikuwa reale, na yenye sifa kuliko zote ilikuwa ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyefariki mwaka 1780 na ambaye sarafu yake iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo wa 1780 vizazi kadhaa baada ya kifo chake. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kitu, na zaidi ya gramu 23 katika hizo ni fedha safi. Na wafanyabiashara wa Arabuni waliichunguza taji na kishikizo cha begani, wakahesabu lulu zake, kabla ya kuikubali. Ilikuwapo pia reale ya mzinga ya Waspania, iliyopata jina hilo kwa sababu nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilidhaniwa kuwa mizinga. Hapana aliyejali malkia yule alikuwa nani wala dini yake ilikuwa ipi. Kilichoaminiwa ni madini, na ndiyo maana reale nyingi ziliishia kwa sonara, zikayeyushwa zikawa bangili na mitali za maharusi.

Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitaka kuirudisha heshima ya sarafu yenye jina la mwenye nchi, akatoa zake mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, na juu ya pesa zake za shaba akachora mizani. Alama hiyo ilipendeza hata Imperial British East Africa Company, ilipopiga pesa zake za Mombasa mwaka 1888, nayo ikachora mizani. Kisha ikaja rupia, zikaja senti zenye tundu katikati, ambazo zilitungika uzini, na tangu mwaka 1921 ikaja shilingi yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza upande mmoja na simba upande wa pili. Ajabu ni kwamba wakati wote huo, hadi mwaka 1963, mwambao huu ulikuwa kwa sheria milki ya Sultani wa Unguja, na bendera yake nyekundu ikipepea Amu, huku mfukoni mwa watu mna uso wa mtu mwingine. Tukipima kwa kanuni ile ya khutba na sarafu, dola ilikuwa ya nani, msomaji ahukumu mwenyewe.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeukata mzozo huo kwa njia yake: Ibara ya 231 yakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa juu ya sarafu na noti, na tangu Desemba 2018 shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba na ishirini ina ndovu. Mimi nausifu uamuzi huo, ingawa nasikitika kidogo kwamba katika wanyama wote hao hakupatikana hata kasa mmoja wa kuuwakilisha upande wetu.

Nina ombi moja kwa wakazi wa Pate, Manda na Amu. Mvua kubwa ikiisha, kwenye magofu na kandokando ya mikoko huonekana vipande vyeusi vya madini ambavyo watoto huviokota, na mara nyingine huuziwa wageni au kupelekwa kwa sonara. Kipande kama hicho kisisuguliwe wala kisiyeyushwe. Kiachwe mahali pake ikiwezekana, na habari ipelekwe Makumbusho ya Lamu, pamoja na kueleza sawasawa ni wapi kimeonekana na karibu na ukuta gani. Kwa maana sarafu iliyong'olewa mahali pake bila maelezo, mtaalamu hawezi tena kujua umri wa udongo iliyokuwamo, na habari hiyo hainunuliki tena kwa fedha yoyote.