Pete ya sikio: unene ndio unaokula pesa

Mama anayemtafutia bintiye hereni za pete Kasulu au Kibondo huulizwa anataka kubwa au ndogo. Swali hilo lina uzito mdogo kuliko linavyosikika. Kinachopandisha bei ni unene wa waya.

Chukua pete ya dhahabu ya karati 18, yenye upana wa ndani wa milimita 8 na waya wa milimita 0.8. Ina uzito wa gramu 0.21 hivi. Itanue ifike milimita 10 kwa waya uleule, uzito unakuwa gramu 0.26, ongezeko la karibu robo. Sasa uirudishe kwenye milimita 8, ila waya uwe wa milimita 1.2: inaruka hadi gramu 0.51. Waya umenenepa mara moja na nusu tu, dhahabu imezidi maradufu. Tuseme sonara anauza gramu kwa shilingi 200,000 (bei ya mfano tu, ya kweli hubadilika kila siku). Jozi nyembamba itagharimu kama shilingi 84,000, nene 204,000, na hapo ujira wa fundi bado.

Za kuchovya je? Pete hiyohiyo nyembamba ikipakwa dhahabu safi ya unene wa mikroni 1, inabeba miligramu 1.3 hivi. Kwa bei yetu ya mfano hiyo ni dhahabu ya shilingi 360 au pungufu. Anayekuuzia kwa maelfu kwa sababu "ina dhahabu" anakuuzia rangi. Na rangi ikishachubuka, ngozi inagusana na madini ya chini, mara nyingi yenye nikeli, ambayo huwawasha wenye mzio nayo na kufanya ngozi itoe majimaji. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: kinachopita kwenye tundu la mwili kisiachie nikeli zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Muuzaji wa mnadani hana kipimo hicho, na sioni sababu ya kumlaumu. Kwa tundu bichi, titani au dhahabu halisi ni salama zaidi.

Unene unapimika kwa rula ya mtoto wa shule. Muuzaji akiwa na pete nyingi za aina moja, panga kumi kwenye njiti ya kiberiti zikigusana. Zikijaza milimita 8, kila moja ina 0.8, zikijaza 12, ni 1.2. Kisha sema: "Fundi, nipimie na ndewe." Kutoka tunduni hadi ukingo wa ndewe kukiwa na milimita 5, pete ya milimita 8 inaacha nafasi ya kama 3. Tundu jipya linaihitaji nafasi hiyo maana sikio litavimba. Waya mwembamba mno wenye kitu kizito kinachoning'inia huikata ndewe taratibu, na ndewe iliyochanika hushonwa hospitali.

Ukitaka kumtoga mtoto mchanga, subiri amalize chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Ndani yake zimo za pepopunda na homa ya ini aina B, na sindano ya kutogea isiyotakaswa inaweza kupitisha magonjwa yote mawili. Ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8. Gegedu la juu ya sikio ni habari nyingine: miezi 6 hadi mwaka.

Kuvua nako kuna namna yake. Nawa mikono, lainisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha sogeza ncha moja mbele na nyingine nyuma, kama unaupinda waya kwa ubavu. Ukizivuta zitengane kulia na kushoto, duara linaharibika na halirudi tena. Pete yenye shanga iliyobanwa katikati hufunguliwa kwa koleo la ncha nyembamba, la kupanua kutokea ndani, kucha hazitoshi.

Tundu likitunga usaha, usikimbilie kuvua: linaweza kuziba na kufungia uchafu ndani. Nenda zahanati pete ikiwa sikioni. Gegedu likiwa jekundu, la moto na limevimba, nenda siku hiyohiyo, kwa sababu likishaoza umbo la sikio halirudi.