Kompyuta ya Ofisini: Tumwondoe Mlinzi Yupi?



Siku hizi mambo yetu mengi hupitia kwenye kompyuta. Muhtasari wa mkutano wa kijiji, maombi ya pembejeo, hata orodha ya wanakisomo, hutumwa kwa barua pepe. Barua pepe ni barua iendayo kwa mtandao, bila karatasi wala stempu. Ikikwama barua, tumekwama sisi.

Sisi wa kisomo hapa Makurunge yalitupata. Tulikuwa tunapeleka Bagamoyo orodha ya wanakisomo wanaohitaji vitabu. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa Ijumaa. Karani akatuma, tukasubiri. Kimya. Akarudia mara tatu, kimya vile vile. Na mtandao ulikuwa mzima! Fundi alipokuja akasema, "Aliyewazuia ni mlinzi wenu wenyewe."

Mlinzi gani huyo?

Kompyuta ina adui aitwaye kirusi. Huyu si kijidudu kama cha surua. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu mwenye nia mbaya. Kikiingia, kirusi chaweza kufuta kazi au kuiba siri. Mwezi Mei, 2000, kirusi kilichotoka Ufilipino kilienea dunia nzima kwa barua pepe. Kichwa cha barua kilisema kwa Kiingereza, "Nakupenda". Aliyefungua kiambatisho chake aliharibiwa picha zake, na barua hiyo ikajituma yenyewe kwa watu aliokuwa akiandikiana nao. Kwa sababu hiyo ofisi huweka programu ya kuzuia virusi. Huyo ndiye mlinzi.

Walinzi ni wawili

Programu nyingi za namna hii zina walinzi wawili. Wa kwanza yuko njiani. Husimamisha barua na kuipekua kabla haijafika. Wa pili yuko mlangoni. Faili likihifadhiwa au likifunguliwa, yeye hulikagua kwanza.

Tufikirie gari la nazi. Kwenye kizuizi linapekuliwa gunia kwa gunia. Likifika sokoni linakaguliwa tena. Gari litachelewa au halitachelewa? Litachelewa. Ndivyo ilivyo kwa barua pepe. Mlinzi wa njiani akiwa mzito, kompyuta ya upande wa pili huchoka kungoja, ikakata mawasiliano. Tena siku hizi barua nyingi husafiri zikiwa zimefungwa kwa kufuli la siri. Mlinzi wa njiani akitaka kuingilia kati ili azisome, mawasiliano yaweza kukataa kabisa.

Tufanye nini?

1. Tuhakikishe kwanza kwamba mtandao ni mzima.
2. Mwenye dhamana ya kompyuta afungue mipangilio ya programu ya kuzuia virusi. Atafute ukaguzi wa barua pepe, azime huo tu.
3. Ahakikishe mlinzi wa mlangoni yuko kazini, na programu inapata nyongeza mpya kila mara.
4. Ajaribu kutuma barua fupi. Ikikataa bado, amrudishe mlinzi wa njiani na kumwita fundi.

Karani wetu, kwa hasira, alitaka kuzima programu nzima. Fundi akamshika mkono: "Dada, kizuizi kikikuchelewesha, utavunja na mlango wa nyumba?" Akazima ukaguzi wa barua pepe peke yake. Orodha yetu ikaondoka Ijumaa ile ile, saa tisa alasiri.

Lakini tusijisahau. Mlinzi mmoja akipumzika, macho yetu yaongezeke. Tusifungue kiambatisho tusichokitazamia, hata kama kimetoka kwa mtu tunayemjua. Tumwulize kwanza. Hata kwenye simu zetu ni vivyo hivyo. Kinga ni bora kuliko tiba.

Tujadiliane darasani

Kirusi cha kompyuta ni nini? Kwa nini tusizime programu nzima? Kwetu, nani ana dhamana ya kompyuta ya ofisi?