Kosti hadi Juba: Kizuizi cha Majani na Kizuizi cha Karatasi

Bwawa kubwa la mafunjo lililotanda katikati ya Sudan Kusini huitwa Sudd. Neno hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni kizuizi. Askari yeyote aliyepata kusimama barabarani usiku, tochi mkononi, akisubiri gari lipunguze mwendo, ataielewa maana hiyo bila ya kufafanuliwa.

Abiria aliyetoka Kosti, nchini Sudan, kwenda Juba kwa njia ya maji alikuwa na zaidi ya kilomita 1,400 mbele yake. Alipita Renk, Melut, Kodok na Malakal, akaingia katika mafunjo, akatokea Adok, Shambe, Bor na Mongalla, ndipo akaiona Juba. Lakini mbali na kizuizi cha majani kilikuwapo kizuizi cha karatasi. Na historia ya mto huo inatufundisha kwamba cha majani ndicho kilichokuwa chepesi kukatwa.

MTO UNAFUNGULIWA, NCHI INAFUNGWA

Mwaka 1899 serikali ya wakoloni ilimtuma Meja Malcolm Peake pamoja na wafungwa wengi kukata magugu yaliyoufunga mto. Kufikia mwaka 1900 njia ilikuwa imefunguka, na stima zikaanza kupanda kusini. Baadaye Juba ikawa kituo cha mwisho cha safari hiyo, kwa kuwa kusini yake, kuelekea Nimule, mto hujaa miamba na maporomoko yasiyopitika kwa meli.

Haikupita miaka mingi serikali hiyo hiyo ikaifunga njia kwa kalamu. Sheria ya Pasi na Vibali ya mwaka 1922 iliipa madaraka ya kutangaza wilaya zilizofungwa, na sehemu kubwa ya kusini ikawa hivyo. Mfanyabiashara wa kaskazini hakuweza kuingia bila ya kibali. Siasa hiyo ya kutenganisha ilianza kuachwa mwaka 1946, na mkutano wa Juba wa mwezi Juni 1947 ukazungumzia mustakabali wa kusini ndani ya Sudan moja. Hata hivyo vita vilivyoanza mwaka 1983 viliikatisha tena safari ya mtoni, mpaka amani ilipotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005.

MAISHA JUU YA TISHARI

Baada ya amani hiyo, maelfu ya watu waliokuwa wamekimbilia kaskazini walirudi kwao kwa matishari. Tishari ni chombo cha chuma chenye sakafu bapa, kisicho na injini. Matishari kadhaa hufungwa pamoja, yakasukumwa na meli moja. Kupanda dhidi ya mkondo huchukua wiki mbili na zaidi, maana katika Sudd mto hujipinda kama nyoka, na msafara huweza kugota kwenye kona ukajitoa kwa kurudi nyuma.

Katika siku hizo zote tishari ni kijiji. Kila jamaa hujitengea mahali pake kwa vitanda, magodoro na masanduku, na juu yake hutandaza turubai, kwani jua likipanda chuma huchoma nyayo. Maji huchotwa mtoni kwa ndoo yenye kamba. Kina mama huwasha majiko ya mkaa wakapika asida na maharage, jicho moja kwenye sufuria, jingine kwa mtoto anayekimbia karibu na ukingo usio na uzio. Penye kijiji cha wavuvi mitumbwi husogea, na sangara au samaki wakavu wakanunuliwa. Giza likiingia mbu hutoka kwenye mafunjo, na asiye na chandarua hukesha.

Hesabu kubwa ya maisha hayo ni unga. Mtu hufunga safari na akiba ya siku alizokadiria. Siku moja ikiongezeka, inatoka mfukoni mwa unga. Haulizwi ni nani aliyeichelewesha, mto au mwenye muhuri.

KOSTI MWAKA 2012

Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, watu waliolala wakiwa raia wa nchi moja waliamka wakiwa wa nchi mbili. Wenye asili ya kusini waliokuwa kaskazini walipewa miezi tisa kutengeneza hadhi yao au kuondoka, na muda huo ukaisha tarehe 8 Aprili 2012.

Karatasi zilitoka wapi? Wengi walizaliwa katika kambi za pembezoni mwa Khartoum, hawana cheti cha kuzaliwa, na hati ya uraia ilihitaji shahidi wa ukoo. Shahidi wa mtu huyo alikuwa ng'ambo ya pili ya mto, ambako hakuweza kufika bila ya hati.

Wakati huo matishari yalisimamishwa, na watu wapatao 12,000 wakakwama bandarini Kosti, baadhi yao kwa miezi mingi. Gavana wa jimbo la White Nile akawapa mpaka tarehe 5 Mei waondoke. Hatimaye, kati ya Mei na Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji liliwachukua kwa mabasi mpaka Khartoum, wakapewa hati za dharura, wakapandishwa ndege kwenda Juba. Walifika salama, lakini ndege haibebi vitanda na makabati, na mali iliyookolewa kwa miaka mingi ya jasho ikabaki nyuma.

WAJIBU WA MWENYE MUHURI

Mto haujapumzika. Vita vilipozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, watu walianza kumiminika kupitia Joda na Renk, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2025 walioingia Sudan Kusini walikuwa zaidi ya milioni moja. Wengi walipanda mto kwa vyombo vya maji kutoka Renk hadi Malakal, safari ya siku mbili au tatu. Wengi walifika na nguo walizovaa tu.

Hakuna nchi inayoweza kuacha milango wazi, na adui naye hujificha katika kundi la wasafiri. Kukagua ni wajibu wa askari. Lakini ukaguzi una adabu yake: ufanywe mara moja na kuandikwa, ili kituo cha pili kisianze upya, msafiri aambiwe mapema hati inayotakiwa, asiyejua lugha atafutiwe mkalimani, na ada isiyokuwa na stakabadhi isidaiwe kabisa. Fedha ya namna hiyo haiingii katika hazina ya taifa. Inatoka katika mfuko ule ule wa unga.

Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na askari wa Nimule, Elegu, Namanga na Mutukula sasa wanalinda milango ya nyumba moja. Peake alihitaji misumeno, mashoka na miezi mingi kulikata bwawa la mafunjo. Kizuizi cha karatasi hukatwa na askari mmoja, mezani pake, kabla jua halijachwa.