Daftari la Getini na Sheria ya Kazi

Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye maeneo ya viwanda jijini Dar es Salaam, vibarua wanasubiri getini. Msimamizi ananyoosha kidole: wewe, wewe na yule. Majina yanaingia kwenye daftari, jioni kila mtu anapewa chake. Kesho ni hivyo hivyo. Wapo wanaoingia geti lile lile mwaka wa tatu sasa, na bado wanaitwa vibarua wa kutwa.

Kisheria, wengi wao ni waajiriwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa amemfanyia mtu mmoja kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa hizo ni kama siku tano tu za kazi. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka huo, inasema mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba wa maandishi kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake.

Je, ulinzi kama huo unapunguza ajira? Mwaka 2004 huo huo, wachumi Timothy Besley na Robin Burgess walichapisha utafiti kuhusu majimbo ya India kati ya 1958 na 1992. Waliona kwamba majimbo yaliyorekebisha sheria ya migogoro ya kazi kwa kuwaegemea wafanyakazi yalizidiwa na mengine kwa uzalishaji na ajira katika viwanda vilivyosajiliwa. Mchumi mwenzao, Aditya Bhattacharjea, alipinga jinsi walivyoyaainisha marekebisho hayo.

Mjadala huo unapima sheria kama ilivyoandikwa. Kwetu, kibarua akiambiwa kesho asije, ana siku 30 za kupeleka shauri la kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asiyejua kwamba ni mwajiriwa hata hazihesabu, zinapita akitafuta geti jingine. Ulinzi usiomfikia mfanyakazi hauwezi kulaumiwa kwamba unaua ajira, wala kusifiwa kwamba unamkinga.

Kwa hiyo mtafiti wa kwetu aanzie kwenye lile daftari: ahesabu kila jina limejirudia siku ngapi kwa miezi mitatu. Mwajiri naye ahesabu kabla ya mtafiti, kisha aandike mikataba. Daftari hilo ni lake, na majina yaliyomo ameyaandika mwenyewe.