Mkanda wa Gari Ukilia, Usiupake Sabuni

Kwa wiki mbili gari langu lilikuwa likiwaudhi majirani hapa Gongoni. Kila nikiliwasha baada ya swala ya alfajiri, mkanda ulipiga mluzi mkali, kisha ukanyamaza injini ikipata joto. Fundi mmoja wa kando ya barabara akausugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Kelele ikaisha siku tatu. Iliporudi, akanifungia mkanda mpya. Huo nao haukumaliza mwezi. Ulikatika karibu na Mambrui, nikimpeleka mama mkwe kliniki Malindi.

Taa nyekundu ya betri iliwaka na mshale wa joto ukaanza kupanda. Nilizima injini papo hapo. Mama mkwe akamalizia safari kwa matatu, nami nikabaki na gari na aibu yangu. Fundi kijana aliyekuja kuniokoa hakukimbilia kufunga mkanda mwingine. Alizungusha puli moja moja kwa mkono. Ya alteneta ilikuwa nzito na ikikwaruza. Beringi yake ilikuwa imekwisha, hivyo mkanda ulikuwa ukiteleza juu ya puli, ukipata moto na kulika. Nilikuwa nimenunua mkanda kutibu ugonjwa wa beringi.

Mkanda huu, ambao wengi tunauita fenibelti, si ule wa taimingi unaokaa ndani ya kifuniko. Huu uko wazi pembeni mwa injini. Puli kubwa ya chini huuzungusha, nao huzungusha alteneta inayochaji betri, kompresa ya AC na, kwa magari mengine, pampu ya stering. Katika Probox zenye injini ya 1NZ, mkanda huu ndio unaozungusha pia pampu ya maji. Ukikatika, maji hayazunguki. Ukikaza roho ufike Malindi hivyo hivyo, silinda hedi yaweza kupinda au gasketi yake kuungua, na gharama yake hailingani kabisa na ya beringi.

Sikiliza basi kelele yenyewe. Mluzi mrefu asubuhi, au unapowasha AC na taa, mara nyingi ni mkanda unaoteleza. Umelegea, umelika, au kuna puli inayokuwa nzito. Asubuhi huzidi kwa sababu alteneta ina kazi kubwa ya kurudisha chaji iliyotumika kuwashia gari. Mlio mfupi mfupi kama wa kifaranga, unaoongeza kasi ukikanyaga mafuta, mara nyingi ni puli zisizokaa kwenye mstari mmoja, au uchafu ndani ya mifereji ya mkanda. Mngurumo au mkwaruzo, kama mawe yakizungushwa ndani ya sufuria, ni wa beringi.

Ukiwa na shaka, chukua chupa ya maji ya kupulizia. Injini ikiwa inanguruma taratibu, pulizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji. Kelele ikipotea kisha ikarudi, angalia mstari wa puli. Ikizidi, mkanda unateleza. Isipobadilika hata kidogo, shuku beringi. Lakini kanzu, kikoi au leso isikaribie hapo, na mkono ukae mbali, kwani feni ya rejeta huweza kuwaka yenyewe.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kile cha yule kijana. Zima injini, ngoja ipoe, mkanda utolewe, kisha kila puli izungushwe kwa mkono na kutikiswa. Puli nzima huzunguka laini, haichezi na haikwaruzi. Tazama pia chini ya pampu ya maji. Alama ya maji yaliyokauka ni dalili kwamba pampu imeanza kuvuja.

Usidanganywe na sura ya mkanda. Ile ya zamani ilikuwa ikipasuka nyufa, lakini mingi ya siku hizi hulika kama tairi. Mifereji huzidi kina huku mkanda ukionekana mzima.

Sabuni, mshumaa na grisi huficha sauti tu. Grisi na oili huharibu mpira wenyewe. Kukaza mkanda kupita kiasi nako hunyamazisha mluzi, kisha huua beringi za alteneta na pampu ya maji.

Sisi wa Magarini tuna mtihani wa ziada. Hewa ya chumvi, kuanzia mashamba ya chumvi ya hapa Gongoni hadi Marereni, hutia puli kutu, na vumbi jekundu la njia ya Marafa hujaa kwenye mifereji. Kwa hivyo fungua boneti mara kwa mara utazame. Na gari likioshwa, maji ya presha yasielekezwe kwenye alteneta wala puli, maana hupenya ndani ya beringi na kuitoa grisi.

Safari nyingine fundi akikwambia mkanda umekwisha, muulize swali moja kabla hujatoa pesa: puli zote umezizungusha? Akiwa hajafanya hivyo, simama naye mpaka azizungushe mbele yako.