Lengo la Mazoezi Liwe la Nyumba Nzima

Ni jambo la kawaida katika nyumba zetu kwamba mfungo wa Ramadhani unapokwisha, na vyakula vya Idi vikiwa vimeacha alama viunoni, mmoja wa wanafamilia hutangaza kuwa sasa ataanza mazoezi. Baba hununua raba. Mama huazimia kupunguza kilo kumi. Kijana huijaza simu yake picha za wanyanyua vyuma. Wiki ya kwanza hupita kwa bidii, ya pili kwa visingizio, na ya tatu huzikuta raba zimekwisha kusogezwa chini ya kitanda. Hakuna anayeuliza, kwani azma ilikuwa ya mtu mmoja, nayo imekufa kimya kimya kama ilivyozaliwa.

Wiki hii tungependa kulitazama jambo hili kwa upande wa nyumba nzima. Lengo linalodumu lina mambo matatu: siku yake, mahali pake na watu wake. Kusema "tunataka afya njema" ni dua nzuri, na tuendelee kuiomba, lakini haimwamshi mtu kitandani. Kusema "Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane sisi sote, bibi na wajukuu, tutapanda kwa miguu miteremko ya Uluguru" ni lengo. Lina tarehe ya kuhesabiwa, lina mlima wa kuogopwa kidogo, na lina watu sita au saba watakaoulizana kila jioni: leo tumetembea?

Viti vya msikitini

Anayedhani kwamba jambo hili ni la anasa na aingie katika msikiti wowote wa mjini akahesabu viti vilivyopangwa ukutani. Wapo wanaovikalia kwa uzee au kwa ajali, nao wana udhuru wao katika sharia. Lakini wapo pia akina baba wa miaka hamsini na kitu, na akina mama kwa upande wao, ambao magoti yamechoshwa na uzito, au ambao kisukari na shinikizo la damu vimewatangulia kwa kukosa mwendo. Kusujudu paji la uso likagusa ardhi, kisha mtu akasimama bila kushikwa mkono, ni neema ambayo huonekana thamani yake siku inapoondoka. Viungo ni amana, na amana hulindwa kabla ya kuharibika.

Vivyo hivyo kwa safari ya hija. Wazazi wengi hudunduliza fedha kwa miaka mingi, wasidundulize miguu. Umbali kati ya Safa na Marwa ni takribani mita 450, nao hupitwa mara saba. Hiyo peke yake ni zaidi ya kilomita tatu, kabla ya kuitaja tawafu, Mina na Arafa. Viti vya magurudumu vipo, na anayevihitaji avitumie bila haya. Hata hivyo, mzee aliyezoea kutembea na wajukuu wake tangu nyumbani atakuwa amejiwekea akiba isiyoshuka thamani.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Ukizigawa dakika 150, ni nusu saa kwa siku tano. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Watu wazima huongezewa mazoezi ya kutia nguvu misuli kwa siku mbili au zaidi katika wiki, na wenye miaka 65 na kuendelea huongezewa mazoezi ya kujisawazisha mwili siku tatu, ili wasianguke ovyo.

Mazoezi ya wastani hayahitaji kifaa cha kuyapima. Mtembeaji awe na uwezo wa kuzungumza na mwenziwe, lakini asiweze kusoma kaswida kwa sauti bila kukatika pumzi. Akiweza kusoma kaswida yote, aongeze mwendo. Asipoweza hata kujibu salamu, apunguze.

Wengi wameisikia pia ile hesabu ya hatua 10,000 kwa siku, wakakata tamaa kabla ya kuanza. Ni vyema wajue kwamba hesabu hiyo haikutoka hospitalini. Mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichopewa jina lenye maana ya "kipima hatua elfu kumi". Jina lilipendeza, na hesabu ikaenea duniani. Anayetembea hatua 3,000 leo akafika 5,000 mwezi ujao amepata faida ya kweli, na hana sababu ya kujiona ameshindwa.

Akina mama wasisahauliwe

Katika mipango mingi ya mazoezi mwanamke wa Kiislamu huachwa nyumbani. Kijana ana uwanja wa mpira na baba ana barabara ya alfajiri, lakini mama na mabinti huambiwa kwamba kazi za nyumbani zinawatosha. Kazi hizo huchosha kweli, ila mara nyingi ni za kuinama na kusimama mahali pamoja, na moyo haupati mwendo unaouhitaji. Ukumbi wa mazoezi wenye saa za wanawake peke yao si rahisi kupatikana katika kila mtaa.

Hapa safari ya familia inafungua mlango. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini, baada ya kuwaambia watu watangulie mbele. Mara ya kwanza Bi Aisha alimshinda, baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume (s.a.w.) akamshinda, naye akamtania kwamba hiyo ni kwa ile. Tunajifunza humo mambo mawili: mume alitenga wakati wa kucheza na mkewe, na alimchagulia mahali pa faragha. Mama anayetembea msituni akiwa na mumewe, kaka zake na wanawe ana sitara yake na ana usalama wake. Avae baibui pana lisilofika kukanyagwa, suruali ndani yake, mtandio wa pamba na raba zilizokwisha kuzoea mguu. Kobazi ziachwe nyumbani.

Wiki kumi na mbili

Tuichukulie familia inayoishi Dar es Salaam: baba, mama, bibi mwenye miaka sitini na tano, na watoto watatu, mkubwa akiwa wa kidato cha pili na mdogo akiwa na miaka saba. Wameamua kwenda Morogoro mwishoni mwa mwezi wa nane. Uamuzi wa majira ni wa busara, kwani kuanzia mwezi wa sita masika yamekwisha, jua limepoa, na njia za milimani hazitelezi kama zinavyoteleza mwezi wa nne. Wana wiki kumi na mbili.

Katika wiki nne za mwanzo watembee baada ya Alfajiri, au baada ya Alasiri kwa wenye shule, dakika ishirini kwa siku nne, wakiongeza kidogo kidogo hadi nusu saa. Ubandikwe ukutani mwa sebule karatasi yenye majina yote, na mtoto mdogo ndiye apewe kalamu ya kuweka alama. Mtoto wa miaka saba hatamwacha baba yake asinzie siku ambayo alama haijawekwa.

Katika wiki nne za pili nusu saa iwe dakika arobaini, na iongezwe ngazi. Ghorofa yoyote inafaa, hata daraja la waenda kwa miguu. Mlima huyapima mapaja wakati wa kupanda na magoti wakati wa kushuka, na barabara tambarare haiyaandai yote mawili. Bibi naye asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika kiti, kisha abadilishe. Jumamosi moja moja watembee kwa saa moja na nusu bila haraka.

Wiki ya tisa au ya kumi wafanye jaribio. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, uko takribani kilomita thelathini kutoka katikati ya jiji, una vilima vya kiasi na kivuli cha miti ya asili. Msitu huo uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo ni vyema kuuliza mapema habari za kiingilio na za mwongozaji. Jaribio litawaonyesha raba inayobana, mkoba uliozidi uzito, na nani hulalamika anapokuwa na njaa. Ni heri kuyajua hayo Kisarawe kuliko kuyagundua juu ya mlima. Wiki ya mwisho wapunguze mazoezi na walale mapema.

Tunasisitiza kwamba mwenye kisukari, shinikizo la damu, pumu au maradhi ya moyo azungumze na daktari kabla ya wiki ya kwanza. Anayetumia dawa za kushusha sukari aulize namna ya kula kabla ya kutembea na abebe kitu kitamu mfukoni. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi hata baada ya kukaa ni amri ya kusimama na kutafuta msaada.

Siku ya mlima

Treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024 humfikisha msafiri Morogoro kwa takribani saa mbili, na mabasi yapo kwa wanaoyapendelea. Kutoka mjini, miteremko ya Uluguru inaonekana waziwazi ikiwa imekaa juu ya paa za nyumba. Njia inayofaa familia ni ile ya kuelekea Morningside, penye jengo la zamani la enzi za Wajerumani. Kwa mwendo wa kawaida ni saa mbili au zaidi kidogo kupanda. Kwa mwendo wa bibi na mtoto, zihesabiwe tatu. Achukuliwe mwongozaji mwenyeji, na wakulima watakaopishana nao njiani wasalimiwe vizuri, kwani njia hiyo ndiyo barabara yao ya sokoni.

Utaratibu wa msafara uwe mmoja: mwongozaji mbele, mwenye mwendo wa polepole nyuma yake, na baba mwisho kabisa. Akitangulia kijana, wengine watahema kumfuata na bibi atajiona mzigo. Mwenye mwendo mdogo akishika nafasi ya pili, msafara wote hufuata pumzi yake na hakuna anayeachwa.

Si lazima wote wafike mahali pamoja. Bibi anaweza kuweka nia ya kufika kwenye kijito cha kwanza, akapumzika hapo na mama au na mjukuu mkubwa, na hilo likawa limeafikiwa tangu nyumbani. Kila mtu na kilele chake, na aliyefikia alichokikusudia apongezwe sawa na mwenziwe.

Wabebe maji, si chini ya lita moja na nusu kwa mtu mzima, pamoja na tende, ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai na karanga. Soda huongeza kiu. Wabebe pia makoti mepesi ya mvua, plasta, na mfuko wa kurudishia taka zote.

Kwa upande wa swala, Adhuhuri itawakuta juu. Aliyetoka Dar es Salaam amesafiri karibu kilomita mia mbili, na ruhusa ya msafiri kufupisha na kukusanya swala inajulikana. Mwenye swali amuulize imamu wake kabla ya safari. Kibla kwa mahali petu ni kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu katika mstari mmoja na sisi. Asubuhi jua likiwa mkono wa kulia, au alasiri likiwa mkono wa kushoto, uso umeelekea panapohusika. Kijana apewe kazi ya kuitafuta kibla bila simu, na mdogo wake aadhini.

Wakiwa hapo watoto waelezwe jambo moja. Vijito wanavyoviona vikiteremka Uluguru huungana na kuwa Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaolinywesha jiji la Dar es Salaam. Maji ya mfereji wanayotilia udhu nyumbani kila alfajiri yametoka katika milima kama hii wanayoikanyaga. Somo la kutofanya israfu ya maji litawaingia zaidi wakiwa wameyagusa kwenye chanzo chake.

Baada ya kushuka

Hatari kubwa ya safari kama hii huja wiki inayofuata, wakati miguu inauma na karatasi ya ukutani haina tena tarehe. Basi tarehe ya pili iandikwe kabla ya wasafiri kulala usiku ule. Si lazima iwe mlima. Inaweza kuwa matembezi ya ufukweni baada ya Alasiri mara mbili kwa mwezi, au kwenda na kurudi kwa mguu msikiti wa mbali kila Jumapili. Familia isiyo na nauli ya Morogoro na ianze na kilima kilicho karibu nayo. Kinachotafutwa ni ile miezi mitatu ya kutembea pamoja, na mlima ni kisingizio chake chema.

Na kipimo cha mafanikio kisiwe mizani peke yake. Pengine kilo zitakuwa zimepungua mbili tu, na mama akasikitika. Atazamwe bibi anavyoinuka mkekani. Kama mwezi wa sita alikuwa akinyoosha mkono kutafuta wa kumshika, na mwezi wa tisa anainuka mwenyewe, basi familia hiyo imefika juu, Alhamdulillahi, hata kama siku ya safari ilinyesha mvua wakarudi kutoka nusu ya njia.