Lori Livutalo Kushoto

Apitaye mbele ya gereji za Kasulu au Kibondo asubuhi, kabla jua halijakausha umande juu ya migomba, aghalabu huona miguu miwili imechomoza chini ya lori, na juu, kwenye kiti cha dereva, huona utingo ameushika usukani akiutikisa kushoto na kulia, kidogo kidogo, kama mtu abembelezaye mtoto aliyekataa usingizi. Mgeni hudhani kijana anacheza. Kumbe yuko kazini, na kazi yenyewe ni miongoni mwa zilizo muhimu kabisa katika uganga wa magari. Maana fundi aliyelala chini anatazama, kiungo baada ya kiungo, ni wapi mwendo wa mkono wa kijana yule unapotelea kabla ya kulifikia gurudumu.

Nchi hii ya Waha ni nchi ya vilima na mabonde, yenye udongo mwekundu ambao kiangazi huwa vumbi, na mvua zinaponyesha, tangu Oktoba au Novemba hata Aprili au Mei, hugeuka utelezi. Barabara itokayo Nyakanazi ikapita Kakonko, Kibondo na Kasulu hata Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, ilikuwa kwa miaka mingi ya udongo na changarawe. Na ingawa lami ilitandazwa kilomita 63 kati ya Kidahwe na Kasulu, na kazi ya kilomita 260 hivi kati ya Kabingo na Manyovu ikafuata, njia nyingi ziendazo vijijini zingali na mashimo, na mawimbi madogo madogo yaliyojipanga kama bati la paa. Nchi hii ndiyo iliyopitwa na malori ya chakula walipomiminika wakimbizi wa Burundi mwaka 1993, na wa Kongo mwaka 1996 ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu, na wa Burundi tena mwaka 2015. Na ndiyo ipitwayo hata leo na malori ya maharage, mihogo na ndizi. Basi si ajabu kwamba malalamiko mawili husikika mno katika gereji za huku: la kwanza, usukani umelegea, la pili, gari linavuta upande.

Watu wengi huyachanganya malalamiko hayo kana kwamba ni maradhi mamoja, ilhali ni mawili yenye asili mbalimbali, japokuwa yaweza kukutana katika gari moja. Usukani uliolegea ni ule unaozungushwa kidogo na gurudumu lisiitike, hata dereva akawa hana budi kuusahihisha kila dakika, nalo gari likitangatanga barabarani mara huku, mara huko. Gari livutalo ni lile linaloelekea upande mmoja tu, daima ule ule, hata dereva akafika mwisho wa safari bega moja likimuuma. La kwanza ni kukosa utii. La pili ni utii kwa bwana mwingine asiyeonekana.

Ili kumjua bwana huyo, hatuna budi kwanza kulitazama umbo la gari lenyewe. Magari madogo ya mjini aghalabu kila gurudumu la mbele lina mikono yake peke yake, nalo hupanda na kushuka bila ya kumsumbua mwenzake. Lakini malori, na hata Land Cruiser za mkonga zitumiwazo sana na mashirika katika kambi za wakimbizi, magurudumu yake mawili ya mbele yamefungwa katika ncha mbili za ekseli moja nzima, kama mizigo miwili iningʼiniavyo katika ncha za mzega: ncha moja ikiinuliwa, na ya pili hupata habari. Ekseli hiyo haikufungwa moja kwa moja katika chesisi. Katika malori hufungwa chini ya springi za vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, ikashikwa kwa yubolti, na mahali pake hasa hulindwa na bolti moja ndogo ipitayo katikati ya vyuma vyote, iitwayo senta bolti, ambayo kichwa chake huingia katika tundu la ekseli. Tuikumbuke bolti hiyo, kwani tutaonana nayo mbele.

Nayo amri ya dereva husafiri hivi: hutoka usukanini, ikaingia katika boksi la usukani, ikatokea kwa mkono mfupi wa chuma, ikapokewa na ufito uitwao dragilinki, ikafika katika kifundo cha gurudumu moja, na kutoka hapo hupelekwa gurudumu la pili kwa ufito mrefu uitwao tairodi. Kila kifundo hugeuka juu ya kingipini. Wazo la kuyageuza magurudumu kila moja juu ya kifundo chake ni la zamani kuliko injini ya petroli, kwani alilibuni Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, na Rudolph Ackermann akalipatia hataza Uingereza mwaka 1818. Kila mahali amri inapopokewa na chuma kingine pana kiungo, na kila kiungo huchakaa. Nao uchakavu mdogo wa viungo sita, ukijumlishwa, humrudia dereva mkononi kama ulegevu mkubwa.

Ndiyo maana fundi mwema hafungui kitu kabla ya kutazama. Humweka utingo kwenye usukani, akaanza juu kwenye boksi, akashuka kiungo kwa kiungo. Na pale anapoona chuma cha kwanza kimetikisika, na cha pili kilichoshikana nacho kimekaa kimya, hapo pana ugonjwa. Kisha huinua gurudumu kwa jeki, akaweka kigogo chini ya ekseli kwa hadhari, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza, humwambia utingo akanyage breki: mchezo ukikoma, beringi za habu ndizo zilizolegea, ukiendelea, kingipini imekwisha. Zaidi ya jeki na kigogo, jaribio hilo halihitaji chombo chochote ila watu wawili wenye kusikilizana.

Walakini kuna njia ya mkato ambayo imewaponza wengi. Juu ya boksi la usukani pana skrubu ya kurekebisha mkao wa meno yaliyomo ndani, na fundi mwenye haraka, akisikia neno kulegea, hukimbilia kuikaza. Usukani hukazika kweli kwa siku chache, na mwenye gari hulipa akashukuru. Lakini ikiwa ulegevu ulikuwa katika dragilinki au kingipini, umebaki pale pale, na juu yake pameongezwa taksiri ya pili: meno yanasagana, na usukani ukishakatwa kona haurudi tena katikati wenyewe.

Hayo ni ya ulegevu. Kuhusu kuvuta, namkumbuka mwenye lori mmoja aliyechukua maharage kutoka Kibondo kwenda Kasulu, ambaye gari lake lilivuta kushoto hata akachoka nalo. Alianza kwa kununua tairi jipya la kushoto, halikusaidia. Akabadili vichwa vya tairodi. Likavuta kama jana. Akakaziwa skrubu ya boksi, na usukani ukawa mzito, na lori likaendelea kupenda kushoto. Mwisho alifika kwa fundi mmoja mtu mzima, akamwamkia, akamweleza masaibu yake yote. Mzee yule hakushika spana. Alianza kwa maswali.

Aliuliza kwanza: linavuta wakati wote, au unapokanyaga breki tu? Swali hilo lina thamani kubwa, kwa sababu gari livutalo katika breki pekee huvuta upande ule ambao breki zake zinashika zaidi, na huenda basi mgonjwa ni upande wa pili, ulioingiwa na mafuta au usioshika sawasawa. Likivuta daima, lakini breki za gurudumu moja zikawa haziachii, habu ya gurudumu hilo huwa ya moto kuliko mwenziwe baada ya safari, na mkono ukisogezwa karibu huhisi joto hilo bila ya kipimo. Aliuliza pia habari ya upepo, kwani gari huvuta upande wa tairi lenye upepo mdogo. Na akauliza lilijaribiwa wapi, maana barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yatiririke kandoni, nasi Tanzania huendesha kushoto, basi hata gari zima huteremka kushoto kidogo. La kulaumiwa ni lile livutalo hata mahali palipo tambarare.

Majibu yalipokwisha, aliomba kamba. Alimpa utingo ncha moja aishike katikati ya habu ya mbele, naye akaivuta mpaka katikati ya habu ya nyuma, akafunga fundo. Kisha wakaenda upande wa pili kuilinganisha. Upande wa kushoto, fundo lilipita habu kwa upana wa vidole viwili. Gari lilikuwa fupi upande mmoja.

“Mwanangu,” alisema, “gari hili haliumwi mkono. Linaumwa nyonga.”

Walipofungua springi ya kushoto waliikuta senta bolti imekatika, na yubolti zimelegea, labda tangu shimo fulani lililosahauliwa njiani; na kila breki ilipokanyagwa, ekseli ilisukumwa nyuma kidogo, isirudi. Ekseli iliyorudi nyuma upande mmoja huyaelekeza magurudumu yote mawili upande huo, na gari huvuta daima upande uliofupika. Hakuna tairi wala tairodi iwezayo kuiponya nyonga iliyoteguka.

Kuna ila nyingine ya springi ambayo mwenye gari hujiletea mwenyewe. Atazamaye baiskeli kwa ubavu ataona kwamba uma wa mbele umelala kinyumenyume, hata gurudumu likawa kama linaburutwa nyuma ya mstari wa uma. Na mlalo huo husaidia sana kuliweka gurudumu katika mstari, hata kijana hodari akaweza kuachia mikono. Kingipini za lori nazo zimelazwa vivyo hivyo, nao mlalo huo ndio urudishao usukani katikati. Sasa mtu akiongeza vyuma katika springi za nyuma ili abebe magunia zaidi, mkia wa lori huinuka, pua huinama, na mlalo ule hupungua. Basi lori likiwa tupu huyumba, wala hapana kiungo kilicholegea. Mlalo ukipungua na viungo navyo vikiwa vimechakaa, shimo moja hutosha kuyafanya magurudumu yatetemeke yote mawili kwa pamoja, maana yamefungwa katika mzega mmoja, hata usukani ukataka kumpokonya dereva mikono. Hapo asikanyage breki kwa ghafula, bali aondoe mguu kwenye mafuta aliache gari lipungue mwendo. Kufunga shakapu mpya ya usukani hunyamazisha mtetemo huo kwa muda, lakini ugonjwa hubaki.

Kwa hiyo mpango wa matibabu ni huu: kwanza upepo na matairi, kisha breki na beringi, kisha springi na mahali pa ekseli, kisha viungo vya usukani, na boksi liwe la mwisho. Kupima mwelekeo wa magurudumu hufuata baada ya hayo yote, kwani kupima juu ya viungo vilivyochakaa ni kupima maji kwa pakacha. Mzee yule alipima kwa msumari: aliliinua kila gurudumu la mbele, akalizungusha huku msumari umeegemezwa kwenye tairi mpaka ukachora mstari, akayashusha, akasukuma lori hatua chache ili likae vyema, ndipo akapima nafasi baina ya mistari miwili, mbele na nyuma ya ekseli. Mbele ilikuwa fupi kwa milimita chache tu, akaridhika.

Mwenye lori alipotaka kulipa na kuondoka, alizuiwa kwa sharti moja: aende Kibondo, ashushe mzigo, akirudi apite tena gerejini kabla ya jambo lolote, kwa kuwa springi iliyofungwa upya hujikalia baada ya safari ya kwanza, na yubolti zikalegea. Alirudi siku ya tatu. Utingo akaingia uvunguni na spana, na nati ya kwanza ikakubali karibu robo mzunguko.